"Toa ujumbe chumbani": utata wa Kiswahili katika maelezo ya zana za akili bandia

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo kwa juu juu ni la wahandisi, lakini kwa undani ni la wanasarufi: namna ya kuandika kwa Kiswahili maelezo ya zana zinazotumiwa na wakala wa akili bandia katika programu za mawasiliano ya kazini, kama vile Slack na Teams. Mfano wetu, ambao ni wa kubuni, tumeuweka Shituru, mjini Likasi, na sababu yake ni ya kihistoria.

Kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929 chini ya Union Minière du Haut-Katanga. Tangu 1967 ni mali ya shirika la serikali lililokuja kuitwa Gécamines. Wafanyakazi wa migodi ya Katanga walitoka makabila na nchi mbalimbali, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Johannes Fabian, katika Language and Colonial Power (1986), alivichunguza vitabu vya maneno vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu wa huko, akaonyesha jinsi amri zilivyotamalaki ndani yake. Kwa maoni yetu, amri fupi kama "Toa!" au "Leta!" zilitosha kwa kuwa maneno hayakufanya kazi peke yake. Kapita alikuwapo, kidole kikionyesha, na mfanyakazi alikiona kitu chenyewe.

Wakala hana kidole cha kutazama. Hupewa orodha ya zana, na kila zana ina jina, maelezo, na nafasi za kujazwa, kama vile chumba, mpokeaji au saa. Anapopata ombi hulilinganisha na maelezo hayo, huchagua zana, hujaza nafasi zake, nayo programu hutekeleza. Kiwanda hakijui, ajuacho ni maandishi aliyowekewa.

Tuchukue sentensi hii:

(1) Toa ujumbe chumbani.

Chumba hapa ni mahali pa mazungumzo ya kikundi, tuseme wafanyakazi wa zamu ya usiku. Sentensi ina maana mbili zinazopingana. Kutoa ni kutangaza, kama katika kutoa habari. Tena ni kuondoa, kama katika kutoa takataka. Kiambishi -ni hakituokoi, maana mtu yuko chumbani, anaingia chumbani, na anatoka chumbani. Mwelekeo huletwa na kitenzi, na kitenzi ndicho chenye utata. Huenda msomaji akadhani kwamba Kiswahili cha Katanga, kinachotumia ku na mu mahali pa -ni, kitasaidia. Hakisaidii sana: mtu wa Likasi anaenda ku kazi na anatoka ku kazi, na ku ni ile ile.

Sasa tuseme ujumbe wenyewe ni onyo kwamba bomba la tindikali linavuja, kwani madini ya shaba huyeyushwa kwa tindikali kabla ya kufikia hatua ya umeme. Mfanyakazi yeyote angejua kwamba onyo la namna hiyo halifutwi. Wakala aliyepewa zana iitwayo toa_ujumbe, yenye maelezo ya maneno matatu, atabahatisha. Na akikosea, zamu inayofuata haitajua kwamba kulikuwa na onyo.

Kurefusha maelezo hakutoshi. Yafaa kutenganisha vitenzi:

(2) tuma_ujumbe: Huandika ujumbe mpya katika chumba kilichotajwa. Wanachama wote wa chumba huweza kuuona.

(3) futa_ujumbe: Huondoa ujumbe mmoja uliokwisha kutumwa, na hauwezi kurudishwa. Usitumie zana hii iwapo mwombaji amesema "toa" bila kueleza kama anataka kutangaza au kuondoa, muulize kwanza.

Sentensi ya mwisho ya (3) ndiyo yenye thamani kubwa. Mhandisi anaweza kuliepuka neno "toa" katika majina yake, lakini hawezi kuwazuia watu wa zamu wasilitumie. Kwa hiyo maelezo hayana budi kulitaja neno la mtumiaji, pamoja na utata wake. Aidha, tumependelea hu- badala ya kauli ya kuamuru, maana "Andika ujumbe" ndani ya maelezo huweza kusomwa kama agizo la kutekelezwa, ilhali "Huandika" yaeleza desturi ya zana. Sisi walimu tumezoea kulifundisha somo hilo kwa haraka, kati ya -na- na -me-.

Ugumu wa mwisho ni saa. "Saa mbili asubuhi" ya Mswahili ni saa nane katika waraka wa Kifaransa, na Likasi huitangulia Kinshasa kwa saa moja. Nafasi ya saa katika zana ya kupanga ujumbe tungeiandika hivi: "Saa kwa tarakimu nne, 00:00 hadi 23:59, kwa majira ya Lubumbashi. Mwombaji akisema saa mbili asubuhi, jaza 08:00. Akisema saa mbili tu, muulize ni ya asubuhi au ya usiku."