Daftari la Samaki wa Kigombe na Programu ya Kuuliza Mtandaoni

Tasi anapotolewa demani Kigombe, kijiji cha wavuvi katika Wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, hakuna mtoto asiyemjua. Lakini mwanafunzi atakayeandika habari zake na kutaka kuzilinganisha na za Lamu au Msumbiji hana budi kuongeza jina la kitaalamu, Siganus sutor, kwani ghala za taarifa za sayansi duniani zimepangwa kwa majina hayo. Katika makala haya nitaeleza jinsi daftari la mwanafunzi huyo, lililomo katika kompyuta, linavyoweza kuwezeshwa kuzitafuta taarifa hizo lenyewe, na hasa mahali ambapo kazi hiyo huharibika.

Daftari ninalolisema ni la aina iitwayo wiki. Neno hilo halihusiani na wiki yetu ya siku saba. Ni la Kihawaii, lenye maana ya "haraka", na Mmarekani Ward Cunningham alilitumia mwaka 1995 katika jina la mfumo wake wa kurasa ambazo kila msomaji aliweza kuzihariri. Baadaye zikatokea wiki za mtu mmoja, zinazokaa katika kompyuta yake. Programu ya Obsidian hutumika hivyo: kila ukurasa ni faili la maandishi ya kawaida, na neno likitiwa ndani ya mabano mraba maradufu huwa njia ya kwenda ukurasa mwingine. Hivyo ukurasa wa "tasi" huunganishwa na wa "dema", na wa "dema" na wa "miamba". Daftari hufunguka na kuandikika hata pasipo mtandao.

Kuuliza habari za nje ni kazi inayoongezwa kwa programu jalizi, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya kubwa. Kwa Obsidian yatosha mafaili mawili: manifest.json, lenye jina, toleo na utambulisho mwingine, na main.js, lenye maagizo kwa lugha ya JavaScript. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza misingi ya lugha hiyo atayamudu.

Ghala tutakaloliuliza ni GBIF, lililoanzishwa mwaka 2001, ambalo ofisi yake kuu iko Copenhagen. Tanzania ni miongoni mwa washiriki wake. Hukusanya kumbukumbu za viumbe kutoka majumba ya makumbusho na watafiti wa nchi nyingi, na yeyote aweza kuzisoma bila malipo. Swali huandikwa kama anwani: api.gbif.org/v1/species/match?name= kisha jina la kitaalamu. Programu jalizi husoma jina hilo katika ukurasa, huunda anwani, na huituma kwa agizo liitwalo requestUrl. Jibu hurudi katika mpangilio wa JSON, yaani lebo na thamani zikifuatana: familia ya samaki, namba yake ya utambulisho, na kadhalika. Kwa namba hiyo twaweza kuuliza swali la pili: kumbukumbu ngapi za samaki huyu zimeandikwa Tanzania?

Hapa ndipo mwalimu apunguze mwendo. Jibu la swali la kwanza lina lebo iitwayo matchType. Ikisema EXACT, jina limelingana barabara. FUZZY ni kwamba limekaribiana tu, pengine kwa kosa la tahajia. HIGHERRANK ni kwamba spishi haikupatikana bali kundi kubwa zaidi, na NONE ni kwamba hakuna kilicholingana. Yote haya ni majibu. Mtandao ukikatika, hakuna jibu lolote, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Mimi mwenyewe niliyachanganya. Katika toleo langu la kwanza niliagiza kwamba jibu lisipopatikana idadi iwe 0, nikaona ni busara. Siku mtandao ulipozimika katikati ya kazi, kurasa kadhaa zilijaa sufuri, na sufuri hizo zilikaa juu ya tarakimu sahihi zilizokuwapo. Msomaji angedhani samaki hao hawajapata kuonekana Tanzania.

Kosa la namna hiyo si la kompyuta peke yake. Silikanti alijulikana kwa wataalamu kutokana na visukuku tu, wakaamini alitoweka kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka 1938 mmoja alivuliwa Afrika ya Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer akamtambua kuwa wa ajabu. Wa pili alipatikana Anjouan mwaka 1952, ambako wavuvi walikwisha kumjua na kumwita gombessa. Hakuwa ametoweka, hakuwa ameandikwa. Tangu mwaka 2003 amekuwa akinaswa katika maji ya Tanzania, hata Kigombe, katika jarife za papa zinazotegwa kilindini, na mwaka 2009 Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ikaanzishwa Tanga. Idadi iliyomo ghalani, basi, huhesabu maandishi, wala haihesabu samaki.

Kwa hiyo toleo langu la sasa huandika tarakimu pamoja na jina la ghala na tarehe ya kuuliza. Jibu lisipokuja, huacha ya zamani na kuongeza neno "halikujibiwa". Tena huandika katika sehemu yake tu; maneno ya mvuvi aliyonukuu mwanafunzi hayaguswi. Jina "changu" hulirudisha kwa mwanafunzi achague mwenyewe, kwa kuwa wavuvi hulitumia kwa spishi zaidi ya moja.

Darasani, jaribio ni rahisi. Jaza ukurasa wa tasi, zima mtandao, kisha iamuru programu iulize tena. Ukurasa ukionyesha 0, rudini kwenye main.js.