Nambari za Daftari la Matukio: Takwimu kwa Mwanafunzi wa Haki ya Jinai

Wanafunzi wengi wa haki ya jinai huliogopa somo la mbinu za utafiti na takwimu, wakidhani ni hisabati iliyoletwa kuwaangusha mtihani. Makala haya yanashikilia kuwa ugumu wa somo hili hauko katika kukokotoa. Uko katika kujua ni nini kilichohesabiwa, nani aliyekihesabu, na nani ambaye hakufika kuhesabiwa.

Mwaka 2019 polisi wa Kenya walisajili makosa 93,411. Mwaka 2020 walisajili 69,645. Je, robo ya uhalifu ilitoweka? Mwaka huo ulikuwa wa korona: kafyu ilianza tarehe 27 Machi, nazo barabara zikawa tupu usiku. Huenda wizi ulipungua kweli. Lakini kafyu iyo hiyo ilimzuia aliyepigwa nyumbani kwake saa mbili usiku asifike kituoni.

Mwanzoni mwa Aprili 2020, Baraza la Kitaifa la Utekelezaji wa Haki lilitangaza kuwa makosa ya kingono yameongezeka, na kwamba yalikuwa asilimia 35.8 ya kesi zilizoripotiwa. Mtafiti makini haikatai kauli hiyo, ila hutenganisha asilimia na idadi. Tuseme kituo fulani kilisajili makosa 100, na 20 kati yake yakawa ya kingono. Yale mengine 80 yakishuka hadi 40, yale 20 yatakuwa theluthi ya makosa yote, ilhali hapajaongezeka hata kesi moja. Ili kuthibitisha ongezeko, sharti tuone idadi zenyewe.

Turudi Manyatta. Kwa sensa ya 2019, Embu Magharibi, penye mji, ilikuwa na watu 127,100, na Embu Kaskazini, liliko soko la Manyatta, watu 79,556. Kituo cha mjini kikiandika kesi nyingi zaidi, tugawe kwanza kwa idadi ya watu kabla ya kuwaita wenye mji wahalifu. Hata baada ya hapo, mkulima wa Ngandori aliyeibiwa kahawa anaweza kuanzia kwa chifu au wazee; shauri likimalizikia huko, OB haitaliona kamwe. Wala anayewahoji abiria wa steji ya Embu peke yao hatampata mkulima huyo, hata sampuli yake iwe ya watu elfu.

Hapa ndipo sisi wa Kiswahili tunapohusika, jambo ambalo wenzetu wa takwimu hulisahau. Swali “Je, umewahi kudhulumiwa?” humwachia kila mhojiwa maana yake. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya nchini huuliza vitendo: kusukumwa, kupigwa kofi, kupigwa teke. Kwa njia hiyo, mwaka 2022 asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walieleza kuwa wamewahi kudhuriwa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Wengi wa hao hawamo katika daftari lolote la polisi. Na kwa kuwa mhojiwa wa Kithimu huenda anawaza kwa Kiembu, hojaji yetu ya Kiswahili haina budi kujaribiwa kwa watu wachache kabla ya kusambazwa. Maswali hayo huulizwa faraghani, kwa mwanamke mmoja tu katika kila kaya. Mume akikataa kutoka chumbani, huachwa, na sababu ya kuachwa huandikwa.