Mzee Aliyenyamaza: Uzee, Demensia au Sonona?

Katika familia nyingi za Ujiji, Kibirizi na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mzee akianza kunyamaza, kukataa chakula na kusahau, tunasema, "Ni uzee tu." Wengine hunong'ona kuwa amerogwa. Kauli zote mbili humnyima tiba, kwa maana sonona si sehemu ya lazima ya uzee, na inatibika.

Sonona ni zaidi ya huzuni. Kwa wiki mbili au zaidi mtu hukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, hulala vibaya, huchoka na kujiona mzigo. Wazee wengi hawasemi "nina huzuni"; husema mgongo unauma. Mvuvi aliyeacha ziwa kwa sababu ya macho hupoteza kazi na wenzake kwa pamoja.

Sonona pia hupunguza umakini, na jambo lisilosikilizwa vizuri halikumbukwi. Ndiyo maana hufanana na demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu. Sonona huanza ndani ya wiki au miezi, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe hulalamika kuwa anasahau. Demensia hunyemelea kwa miaka. Ndugu ndio hutambua, mzee anapopotea njia anayoijua. Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti wa wazee wa miaka 70 na zaidi ulikuta demensia kwa takriban 6 katika kila 100. Wengi, basi, huzeeka bila ugonjwa huo. Lakini magonjwa haya mawili yanaweza kumpata mtu mmoja, hivyo apimwe na mtaalamu. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, awahishwe hospitali: yaweza kuwa malaria au maambukizi mengine.

Tunaopeleka Komunyo kwa wagonjwa tusiondoke mara baada ya sala. Tumpe mzee shikamoo yake, tuketi, tumuulize analalaje na anakula nini. Akisema amechoka kuishi, tusimkemee kuwa anakufuru. Tumuulize wazi kama anafikiria kujiua, tusimwache peke yake, na tumfikishe kituo cha afya. Mpako wa Wagonjwa na dawa havishindani.

Yoshua bin Sira, sura ya 3, anatuagiza kumvumilia baba hata akili zake zikipungua. Kuvumilia huko ni pamoja na kumrudishia nafasi yake: aulizwe shauri nyumbani, awafundishe wajukuu kushona nyavu, na asindikizwe jumuiyani.