Kundi Likijaa, Nani Anajifunza?

Wanachuo wenzangu, kila muhula mambo ni yale yale. Kundi la WhatsApp la somo linaanza na watu 12, maswali yanajibiwa mpaka usiku wa manane, halafu linki inasambazwa. Wiki ya tatu mko 240. Noti zimezikwa chini ya stika na matangazo ya vyumba, na wale waliokuwa wanajibu wamenyamaza.

Hesabu inaeleza sehemu ya tatizo. Watu 12 ni jozi 66 za kufahamiana. Watu 240 ni jozi 28,680. Hapo humjui anayeuliza kwa dhati na ambaye hajafungua hata kitabu, na kumjibu usiyemjua kunachosha upesi. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 kwa kundi, sawa, lakini kuenea si kuelewana.

Jambo lenyewe si geni. Usenet, mtandao wa majadiliano uliozaliwa kwenye vyuo vya Marekani, ulikuwa ukipokea wanafunzi wapya kila Septemba, na fujo zao. Baada ya wiki kadhaa wenyeji walishawafunza desturi. Miaka ya 1993 na 1994 kampuni za biashara, America Online ikiwemo, zikawafungulia wateja wao mlango. Wageni wakaja mwaka mzima, wenyeji wakaelemewa, wakaiita Septemba isiyoisha. Kwa hiyo ugeni haukuwa tatizo. Kasi ndiyo ilikuwa tatizo.

Wapo wanaosema tufunge mlango. Sikubaliani nao. Kundi lisilopokea watu linakufa wenyeji wakihitimu, na anayehitaji msaada kuliko wote mara nyingi ndiye hana rafiki wa kumwingiza. Kuruhusu maadmini tu waandike nako kunazima fujo na maswali kwa pamoja. Linabaki ubao wa matangazo.

Sisi wa ualimu tuna mfano mzuri. Jean Lave na Etienne Wenger, katika kitabu chao cha 1991, waliandika kuhusu mafundi cherehani wa Liberia: mwanagenzi anaanza na vifungo na pindo, kukata kitambaa kunakuja baadaye. Anafanya kazi ya kweli huku akiwatazama wakubwa. Basi ingizeni watu watano watano kwa wiki, na kila mgeni apewe kazi ndogo: huyu muhtasari wa lekcha ya Jumatatu, yule apange pasti pepa kwa miaka. Mkivuka 40 gawanyikeni, ila msisubiri wiki ya UE, maana wiki hiyo hakuna mwenye muda wa kupanga watu.