Ruzuku ya Kanisa Ikiisha, Mtaa Utabaki na Nini?

Mtu apitaye katika mitaa ya Oli, Mvara na Ediofe mjini Arua, au katika soko la Koboko, husikia Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili kabla hajamaliza kununua mboga za siku moja. Watu wamezidi, ilhali visima ni vile vile na madarasa ni yale yale. Katika hali hiyo, ruzuku zitolewazo na makanisa zimekuwa tegemeo la nyumba nyingi, za raia na za askari pia. Yafaa basi kila mzazi afahamu fedha hizo hutoka wapi, na kwa nini baadhi ya kazi zake hudumu na nyingine hufa.

WATU WASIOHESABIWA

Vita vilivyolipuka upya Sudan Kusini mwezi wa Julai 2016 viliwaleta West Nile watu wengi mno kwa muda mfupi. Makazi ya Bidibidi, wilayani Yumbe, yalifunguliwa Agosti mwaka huo. Huko Koboko, makazi ya Lobule yalikuwa tayari yamewapokea wakimbizi kutoka Kongo.

Kwa utaratibu wa Uganda, msaada wa wakimbizi hutolewa katika makazi waliyopangiwa. Akaaye mjini hutarajiwa kujitegemea. Lakini mama mwenye watoto wa shule, au mwenye mgonjwa, mara nyingi hupanga chumba mjini ili awe karibu na shule na hospitali. Huko mjini hahesabiwi, na bajeti ya shule na zahanati haimtambui. Hata hivyo mwanawe huketi dawati moja na mtoto wa konstebo, na ndoo yake hupangwa foleni moja na ndoo ya mke wa koplo. Shida ilizidi mwaka 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipowaondoa wakimbizi wengi wa Uganda katika orodha ya mgawo kwa kukosa fedha.

Hapo ndipo kanisa la mtaani huingia, kwa kuwa halidai kadi ya makazi mlangoni.

IMANI YA ZAMANI

Uhusiano huo haukuanza jana. Wamisionari wa African Inland Mission walifika Arua mwaka 1918, na Mvara ikawa kitovu cha kazi yao. Wakatoliki nao walijenga misheni zenye shule na zahanati. Baada ya vita vya 1979 wakazi wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire, na waliobaki walitafuta hifadhi penye msalaba. Hata hapo hawakuwa salama daima: mwezi wa Juni 1981 watu wengi waliokimbilia Misheni ya Ombaci waliuawa humo. Wazee wanaokumbuka siku zile hawashangai kumpokea mgeni kutoka Yei, kwa maana wao nao walipokewa ng'ambo.

FEDHA HUTOKA WAPI

Wapo wadhanio kwamba ruzuku ya kanisa ni kisima kisichokauka. Sivyo. Shirika la Misereor lilianzishwa na maaskofu Wakatoliki wa Ujerumani mwaka 1958, na sadaka ya Kwaresima ni sehemu ya mfuko wake. Brot für die Welt la Waprotestanti lilianza mwaka 1959, na hutegemea sana michango ya majira ya Krismasi. Mashirika ya namna hii hupokea pia fedha za serikali zao. Kwa hiyo senti zile zina wenyewe, nao hutaka kuona hesabu. Ruzuku hutolewa kwa muda maalumu, kwa kazi iliyoandikwa, na stakabadhi zikikosekana hakuna awamu ya pili.

Jambo jingine la kufahamika ni dini. Katika Oli, ambako Waislamu ni wengi, mzazi aweza kuhofu kwamba cherehani ya kanisa ni mtego. Kanuni za Maadili za mwaka 1994, zilizodhaminiwa pamoja na Caritas Internationalis, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Duniani, zinasema wazi kwamba msaada hutolewa kwa kadiri ya shida bila kujali dini, wala usitumiwe kuvuta watu upande fulani. Mwananchi ana haki ya kudai kanuni hiyo ifuatwe.

KINACHODUMU

Mfano mwema ni Redio Pacis ya Jimbo Katoliki la Arua, iliyoanza kutangaza mwaka 2004 chini ya Padre Tonino Pasolini, mmisionari wa Komboni. Vijana wa papa hapa walifundishwa kutangaza kwa lugha za nyumbani, na mitambo ya umeme wa jua iliwekwa katika mji ambao kwa miaka mingi ulikuwa nje ya gridi ya taifa. Mwaka 2007 ilipata tuzo ya BBC ya redio mpya bora barani Afrika. Ujuzi ulikuwa umekwisha kuwa mali ya wenyeji.

Linganisha na pampu ya mkono. Ruzuku huichimbia kisima, lakini mipira na mabomba ya ndani huchakaa. Penye kamati ya watumiaji maji ikusanyayo mchango kila mwezi, fundi huitwa siku ile ile. Pasipo kamati, akina mama hurudi mtoni, na chuma hubaki kama kaburi la ahadi.

Ndivyo ilivyo pia kwa vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo mtindo wake ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na makanisa mengi yakaufuata. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, na mwisho wa mwaka hugawanywa kwa kadiri ya hisa. Ruzuku hulipia mafunzo, sanduku na madaftari tu; akiba ni ya wanachama.

NENO KWA NYUMBA ZA ASKARI

Mke wa askari huogopa kujiunga, kwa kuwa uhamisho huja bila hodi. Dawa yake ni kuiandika katika katiba ya kikundi, kabla hisa ya kwanza haijanunuliwa, namna mwanachama anayehama atakavyorudishiwa akiba yake na kumaliza deni lake. Kikundi na kiandikishwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii.

Na mradi wowote uletwapo mtaani, wakazi waulize mapema: Ruzuku hii ni ya muda gani? Hesabu zitasomwa wapi? Nani atatengeneza kitakachoharibika? Kuuliza si utovu wa shukrani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mfadhili naye ni mgeni, ambaye siku ya tatu ataondoka. Jembe ni heri libaki mikononi mwa wenye mtaa.