Sindano Tatu za Beijing

Wanangu, kisa hiki husimuliwa vibaya. Wengi husema Mmarekani mmoja alipasuliwa tumbo huko China bila ganzi, kwa sindano tupu. Sivyo. Nitawasimulia kilivyokuwa, maana kweli yake ni nzuri kuliko chumvi iliyotiwa.

Julai 1971, James Reston wa gazeti la New York Times alikuwa China na mkewe. Enzi hizo Marekani na China hazikuwa na ubalozi baina yao, na ilikuwa nadra Mmarekani kuruhusiwa kuingia. Mara tumbo likamshika. Kidole tumbo, kile kifuko chembamba kilichoshikamana na utumbo mpana, kilikuwa kimevimba. Kikiachwa huweza kupasuka, uchafu ukamwagika ndani, na mtu anaweza kufa.

Wakampeleka katika hospitali ya Beijing ambayo siku hizo iliitwa Hospitali ya Kupinga Ubeberu. Tarehe 17, Profesa Wu Weiran akakikata kidole tumbo na kukitoa. Kwanza Reston alichomwa dawa ya ganzi ya kawaida, ya aina ile ile mnayochomwa mkienda kung'olewa jino. Basi ganzi ilikuwepo, na kisu kilikuwepo. Sindano za tiba ya Kichina, zile zisizo na dawa ndani, zilikuwa bado.

Usiku wa pili baada ya upasuaji ndipo taabu ilipoanza. Utumbo ukiguswaguswa wakati wa upasuaji, hugoma kusukuma vilivyomo. Gesi hujaa, tumbo hukaza, na kidonda bado kibichi. Aliyewahi kupasuliwa tumbo anaijua adha hiyo.

Akaja Li Chang-yuan, mtaalamu wa sindano wa hospitali ile. Hakusomea chuo cha udaktari. Alijifunza kwa kukaa chini ya mwalimu, na kwa miaka alijichoma mwenyewe kabla ya kumgusa mgonjwa. Hilo mimi ndilo ninalolipenda zaidi katika kisa chote: aliyajua maumivu ya sindano katika mwili wake kwanza.

Kwa ridhaa ya Reston, Li alimchoma sindano tatu, ndefu na nyembamba, kwenye kiwiko cha kulia na chini ya magoti, kisha akawa anazizungusha. Reston alisikia maumivu yakikimbia mikononi na miguuni, hata akalisahau tumbo kidogo. Wakati huo huo Li akawasha mmea wa jamii ya pakanga na kuushikilia karibu na tumbo lake. Kama dakika 20 hivi, basi. Haikupita saa moja, tumbo likalegea, na adha ile haikurudi. Tarehe 26 Julai habari yake ikatoka ukurasa wa kwanza wa gazeti lake, na Wamarekani wengi wakaanza kuuliza juu ya sindano hizo.

Je, ni sindano zilizomponya? Huenda tumbo lingetulia lenyewe. Nafuu ya mtu mmoja haithibitishi dawa. Kwa hiyo wanasayansi wakaanza kupima. Mwili wetu hutengeneza dawa yake ya maumivu, iitwayo endofini. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwachoma watu sindano hizo mkononi, na maumivu ya meno yakapungua. Walipowapa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya endofini, nafuu ikatoweka. Lakini majaribio mengine yalionyesha kuwa hata sindano za kuigiza, zisizochomwa mahali panapotakiwa, huwapa watu wengine nafuu. Matumaini ya mgonjwa nayo yana nguvu yake.

Mwaka 1997 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilikubali kwamba sindano husaidia kichefuchefu na kutapika baada ya upasuaji, pia maumivu baada ya matibabu ya meno. Kwa maradhi mengine mengi, ushahidi ulikuwa haujatosha. Naona hukumu hiyo ni ya haki. Sindano hizi ni msaidizi anayeingia baada ya daktari wa upasuaji kumaliza kazi yake, sambamba na vidonge vya maumivu.

Kwa hiyo wanangu, tumbo likiwauma chini upande wa kulia na maumivu yakizidi, mwambieni mtu mzima upesi awapeleke hospitali. Mkishapasuliwa, msiyavumilie maumivu kimya, mwiteni muuguzi. Na akija mtaalamu wa sindano, awe amesomea kazi hiyo, na sindano zitoke kwenye pakiti mpya iliyofungwa.