Maneno Madogo ya Mahali katika Kiingereza

Mtoto wa Kasulu au Kibondo aanzapo Kiingereza huwa amekwisha kujua lugha mbili, Kiha na Kiswahili. Zote mbili zamfundisha kutaja mahali. Kiha husema mu nzu; Kiswahili husema nyumbani. Je, Kiingereza husemaje?

Tazama sentensi hizi: Yuko shuleni. Anakwenda shuleni. Anatoka shuleni. Neno shuleni halikubadilika; kitendo ndicho kilichobadilika. Kwa Kiingereza twasema: He is at school. He is going to school. He is coming from school. Hapa kitendo chabadilika, na pia neno dogo lililotangulia school: at, to, from. Kwa hiyo usiliache neno hilo, wala usilibahatishe.

Kwa kitu kilichotulia mahali, shika kwanza maneno matatu.

In ni ndani: There are fish in the Malagarasi.

On ni juu ya kitu, tena kwa kukigusa: The lamp is on the table. Taa ikining'inia juu ya meza bila kuigusa, sema over. On hutumika pia kwa mji ulio ukingoni mwa maji: Kigoma is on Lake Tanganyika. Maana yake si kwamba mji waelea!

At hutaja mahali kama kituo tu: The bus stops at Kasulu on its way to Kibondo. Lakini akaaye Kasulu amezungukwa na mji. Basi sema: She lives in Kasulu.

Sasa fikiri. Usiku mgonjwa amezidiwa, na mganga mgeni hajui Kiswahili. Mwanafunzi aambiwa amwandikie, "Dawa imo sandukuni." Naye aandika: The medicine is on the box. Mganga atazama juu ya sanduku, haoni kitu, aenda kutafuta kwingine. Na dawa imo ndani. Silabi mo katika imo ilikwisha kumwambia mwanafunzi kwamba ni in, ila hakuisikiliza.

Basi, kabla ya kuandika, jiulize: Ni ndani, ni juu, au ni kituo tu?

Mazoezi. Andika kwa Kiingereza:
1. Maji yamo mtungini.
2. Kitabu kiko juu ya kiti.
3. Baba anatoka Kibondo, anakwenda Kigoma.